Bawabu, si zimamoto: mbigili, uyoga wa Santa Cruz na ini la binadamu

Siku ya mwaka mpya wa 2007, familia moja ya Santa Cruz, California, ilichuma uyoga kwenye hifadhi ya Wilder Ranch, ikaupika na kuula kwa tako. Waliokula walikuwa sita. Uyoga wenyewe ulikuwa Amanita phalloides, ambao unaua watu wengi kuliko uyoga mwingine wowote duniani. Wala haukuwa wa asili ya pale. Ulifika California kutoka Ulaya, ukazoeana na mialoni ya pwani.

Aliyewahudumia hospitalini ni daktari Todd Mitchell. Wakati huo Marekani haikuwa na dawa iliyoidhinishwa kwa sumu hiyo. Ulaya ilikuwepo moja: silibinini ya mshipani, ikitengenezwa na kampuni ya Madaus ya Ujerumani kutokana na mbegu za Silybum marianum, mbigili wenye ua la zambarau na majani yenye mabaka meupe kana kwamba yamemwagiwa maziwa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa ruhusa ya dharura, na dawa ikaletwa kwa ndege. Watano walipona. Wa sita, bibi wa miaka 83, alifariki. Ini lake lilikuwa limeshaanza kurudi. Kilichomshinda ni figo.

Kisa hiki kimeipa mbigili jina kubwa. Kapsuli zake zinauzwa kama kinga ya ini, na ukimuuliza muuzaji zinalindaje, jibu huwa neno moja: antioksidanti. Eti ini linaliwa na radikali huru, yaani molekuli zenye kushambulia chochote zinachokigusa, kama bati linavyoliwa na kutu, na mmea huu unaifuta kutu. Maelezo hayo yanaingia akilini kirahisi, na ndiyo yanayopotosha. Tukifuata sumu ile tangu mdomoni hadi kwenye mkojo, tunaona kwamba mbigili ilifanya kazi ya bawabu: ilisimama mlangoni sumu isiingie. Kazi ya zimamoto, ya kuzima radikali huru baada ya moto kuwaka, ilikuwa ndogo na ya mwisho. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kapsuli aliyonayo mtu mezani ina faida yoyote.

Kilichoingia tumboni

Sumu inaitwa alfa-amanitini. Haivunjwi na moto, haivunjwi kwa kukaushwa, na kumwaga maji ya kuchemshia hakuufanyi uyoga uwe salama. Kiasi cha kama miligramu 0.1 kwa kila kilo ya mwili kinatosha kuua. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni miligramu 7, na uyoga mmoja mkubwa unaweza kubeba kiasi hicho. Ladha haitoi onyo. Walioponea wengi husema ulikuwa mtamu.

Mtu hula, hulala, huamka akiwa mzima. Kutapika na kuharisha maji huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya mlo, mara nyingi kati ya saa 6 na 12. Kuchelewa huko ndiyo dalili ya kwanza ambayo daktari anapaswa kuishika. Uyoga unaotapisha ndani ya saa mbili kwa kawaida ni wa kundi jingine, lisilo na hatari ya namna hii, isipokuwa mgonjwa awe alikula aina mbili kwa pamoja. Kwa hiyo swali la kwanza mapokezini ni "ulikula saa ngapi na umeanza kutapika saa ngapi?", na majibu yote mawili yaandikwe kwa saa. "Jana usiku" haitoshi.

Kisha huja kipindi kibaya kuliko vyote, kwa kuwa kinafanana na kupona. Baada ya siku moja hivi tumbo hutulia, mgonjwa huomba chai, ndugu hushukuru Mungu, na kama kitanda kinahitajika huruhusiwa kwenda nyumbani. Wakati huohuo ALT na AST, vimeng'enya vinavyovuja kwenye damu seli za ini zikiumia, zinapanda. Siku ya tatu hadi ya tano macho hugeuka njano, damu hukosa kuganda, sukari hushuka, akili huanza kupotea. Mtu aliyeruhusiwa siku ya pili hurudi akiwa amebebwa.

Hapa kwetu kanuni ya "uyoga wenye kifuko chini ya shina ni sumu" haitoshi peke yake. Kwenye miombo ya kusini mwa Tanzania watu wanakula aina kadhaa za Amanita, ikiwemo Amanita tanzanica, na wanazijua kwa vizazi. Ujuzi huo ni wa mahali. Mchumaji aliyebobea kwao akihamia nchi nyingine anauona uyoga unaofanana na wa nyumbani, anauamini, na ndipo ajali hutokea.

Mlango wa seli

Amanitini ikishafyonzwa utumboni huingia kwenye mshipa mkubwa unaopeleka damu ya utumbo moja kwa moja kwenye ini. Seli za ini zina milango ya protini ambayo kazi yake halali ni kuingiza chumvi za nyongo ili zitumike tena. Miwili kati yake inajulikana kwa majina ya OATP1B3 na NTCP. Amanitini inapita kwenye milango hiyo kama mgeni aliyevaa sare ya wafanyakazi.

Ikishaingia, huenda kwenye kiini na kuishika polimerasi ya RNA ya pili, kimeng'enya kinachonakili jeni ili protini zitengenezwe. Nakala zikikoma, protini zinakoma, na seli inaishi kwa akiba iliyokuwepo mpaka akiba iishe. Ndiyo maana ugonjwa unachelewa. Ini linaangamia haraka kuliko viungo vingi kwa sababu lina milango mingi na linatengeneza protini kwa wingi, zikiwemo za kugandisha damu.

Sumu haikai mahali pamoja. Sehemu yake hutolewa na ini kwenye nyongo, humwagika utumboni, hufyonzwa upya, hurudi kwenye ini. Kila mzunguko ni dozi mpya. Sehemu nyingine hupita kwenye figo na kutoka kwa mkojo, na huko ndiko inakoweza kutoka moja kwa moja bila kurudi.

Radikali huru zimo? Zimo. Kwenye maini ya wanyama waliopewa sumu hii mafuta ya kuta za seli yanaoksidishwa, malondialdehaidi, mabaki ya uoksidishaji huo, inapanda, na glutathioni, kinga ya seli dhidi yake, inapungua. Lakini tazama mpangilio. Mtu anaweza kuzifuta radikali zote, polimerasi ikabaki imeshikwa vilevile, na seli ikafa kwa kukosa protini. Uoksidishaji hapa ni moshi wa nyumba iliyokwisha kuungua upande mmoja.

Kichupa cha miligramu 350

Silibinini ya asili haipendi maji. Ili ipite mshipani imeunganishwa na asidi ya saksini ikawa chumvi inayoyeyuka. Inakuja kama unga mkavu kwenye kichupa chenye kiasi kinacholingana na miligramu 350 za silibinini. Kichupa kimoja huyeyushwa kwa mililita 35 za chumvi ya 0.9% au glukosi ya 5%, na kila mililita inakuwa na miligramu 10.

Dozi ya kwanza ni miligramu 5 kwa kilo ndani ya saa moja. Mgonjwa wa kilo 70 anahitaji 350, yaani kichupa kimoja kamili. Baada ya hapo ni miligramu 20 kwa kilo kwa saa 24, ikitiririka bila kukatika: 1,400, vichupa vinne kwa siku. Ujerumani lebo imezoea kuigawa dozi hiyo ya siku katika dripu nne za saa mbili mbili, zenye mapumziko ya saa nne katikati. Nadharia ya mlango inaegemea upande wa mtiririko usiokatika: dawa inashindana na sumu kugombea mlango uleule, na dripu ikisimama kwa saa nne wakati amanitini bado inazunguka na nyongo, bawabu ameondoka lindoni. Makosa ya kawaida hapa ni ya hesabu: muuguzi anarudia dozi ya kwanza badala ya kuingia kwenye ya mfululizo, au dripu inasitishwa mgonjwa anapopelekwa kupimwa kwa mawimbi ya sauti na hakuna anayekumbuka kuiwasha tena.

Ushahidi wa mlango ulipatikana maabara. Mwaka 2006 watafiti wa Ujerumani walichukua seli, wakazipandikiza mlango wa OATP1B3 wa binadamu, wakaona amanitini ikiingia. Walipoongeza silibinini, uingiaji ukazuiwa. Penisilini G nayo ilizuia. Rifampisini pia imo kwenye orodha ya vinavyoziba mlango huo. Hapo ndipo hoja ya antioksidanti inapoyumba. Penisilini kwa dozi kubwa imetumika kwa sumu hii Ulaya kwa miongo kadhaa, na hakuna aliyewahi kuiuza kama antioksidanti. Dawa mbili zisizo na undugu wowote wa kikemia, moja kutoka kwenye ukungu na nyingine kutoka kwenye mbigili, zinakutana kwenye mlango mmoja.

Kuna jaribio la mbwa aina ya bigo, la mwaka 1984, ambalo bado ni la kujifunza. Mbwa walipewa unga wa uyoga miligramu 85 kwa kilo. Kati ya 12 wasiotibiwa, wanne walikufa kwa ini kati ya saa 35 na 54. Waliopewa silibinini mshipani, miligramu 50 kwa kilo, saa ya 5 na saa ya 24 baada ya kula, vipimo vyao vya ini vilipanda kidogo tu na damu yao iliendelea kuganda. Angalia saa: ya tano. Mbwa hakupewa dawa siku saba kabla. Jambo hili litarudi tukifika kwenye panya.

Je, ni dawa iliyowaokoa watano?

Hesabu yenyewe inatutaka tuwe wapole. Kwa huduma nzuri ya hospitali ya kisasa, vifo vya sumu hii huwa takriban kati ya 10% na 20%. Mmoja kati ya sita ni kama 17%. Yaani matokeo ya Santa Cruz yanaweza kuelezwa kwa silibinini, na yanaweza kuelezwa kwa dripu za maji na uangalizi wa karibu bila mbigili yoyote. Madaktari walioona jinsi wagonjwa walivyokuwa wameumia wana haki ya kuamini kwamba hali ingekuwa mbaya zaidi, lakini watu sita wasio na kundi la kulinganisha hawathibitishi dawa.

Baadaye Mitchell aliongoza Marekani jaribio la wazi, ambamo kila aliyeingia alipewa dawa. Jaribio la kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu, nusu dawa na nusu bila, halijafanyika kwa sumu hii, na si rahisi kulifanya: wagonjwa ni wachache, wametawanyika, na kumnyima mtu dawa inayodhaniwa kuokoa ni mtihani wa maadili. Mapitio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2002, ya wagonjwa 2,108 waliolazwa katika miaka 20 Ulaya na Amerika Kaskazini, yaliiona silibinini na asetilisisteini, dawa ya parasetamoli iliyozidi, kuwa na matumaini zaidi na penisilini kuwa dhaifu. Hayo nayo ni kuangalia nyuma kwenye mafaili, yenye kasoro zake zote.

Bibi na figo zake

Wengi wakisimulia kisa hiki humpita bibi haraka. Kifo chake kina somo kubwa kuliko kupona kwa wale watano.

Ukiizuia sumu isiingie kwenye ini, haijatoweka. Imebaki kwenye damu, na lazima itoke kwa njia nyingine. Njia hiyo ni figo. Bawabu akifunga lango la mbele huku mlango wa nyuma umebanwa, wageni wanajazana uani. Figo za mtu wa miaka 83 tayari zimepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa ujanani hata kama kreatinini, taka ya misuli inayopimwa kwenye damu ili kukadiria kazi ya figo, inasomeka kawaida, kwa sababu misuli ya mzee ni midogo na hutoa kreatinini kidogo. Ongeza saa nyingi za kutapika na kuharisha: damu inakuwa nzito, shinikizo linashuka, mkojo unapungua, na amanitini yenyewe ni sumu kwa mirija ya figo. Hatuna haja ya faili lake kuona jinsi mambo hayo yanavyosukumana.

Kwa sababu hiyo maji ndiyo tiba ya kwanza, kabla hata dawa ya mshipani haijapatikana. Utaratibu unaotumika ni huu. Kwanza fidia kilichopotea, kwa dripu ya chumvi, ukipima shinikizo na mapigo. Kisha endelea kumwaga maji ya kutosha ili mkojo wa mtu mzima ufike mililita 100 hadi 200 kwa saa, kwa siku nne hivi, huku mpira wa mkojo ukiwa umewekwa na kila saa ikiandikwa. Mkojo unaokadiriwa kwa macho haufai. Mwenye moyo dhaifu huwekewa maji kwa uangalifu zaidi, mapafu yakisikilizwa, kwa sababu kumzamisha mgonjwa kwa dripu ni kosa la pili baada ya kumkausha. Dawa za kukojoza hazichukui nafasi ya maji. Kumpa furosemaidi mtu mkavu ni kumalizia figo.

Mkaa tiba hupewa hata kama mgonjwa amechelewa, kwa sababu ya ule mzunguko wa nyongo: kwa kawaida gramu 50 mwanzo, kisha nusu yake kila saa 4, ili sumu inayomwagika utumboni ikamatwe kabla haijafyonzwa upya. Ukimpa mgonjwa aliyesinzia bila kulinda njia ya hewa, mkaa unaishia mapafuni. Wapo wanaomzuia mgonjwa kula siku za mwanzo, wakijua chakula hukamua mfuko wa nyongo na kuiachia sumu iliyojikusanya mle. Asetilisisteini hutolewa kwa ratiba ileile ya parasetamoli: miligramu 150 kwa kilo ndani ya saa 1, 50 ndani ya saa 4, na 100 ndani ya saa 16. Vipimo vya kurudia kila saa 6 hadi 12 ni INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda), ALT, bilirubini, kreatinini, laktati na sukari. INR inasema zaidi kuliko ALT. ALT ikishuka huku INR ikipanda, ini halijapona. Limebaki na seli chache za kumwaga vimeng'enya. Huo ndio wakati wa kupiga simu kituo cha kupandikiza ini, na pasipo na kituo, wakati wa kuwaambia ndugu ukweli.

Ukiitazama orodha hiyo, mbigili ni kitu kimoja kati ya vingi. Hakuna mahali inapoweza kufanya kazi peke yake.

Panya waliopewa dawa kabla ya sumu

Sasa tuje kwenye antioksidanti zenyewe, maana sifa ya mimea kulinda ini haikutoka Santa Cruz pekee. Imejengwa na panya.

Jaribio la kawaida huenda hivi. Kundi la panya hupewa dondoo la mmea kwa siku saba au zaidi. Siku ya mwisho hudungwa tetrakloridi ya kaboni, kiyeyusho chenye sumu kwa ini, tumboni, mara nyingi mililita 1 kwa kilo baada ya kuchanganywa na mafuta. Baada ya saa 24 huchinjwa, damu hupimwa ALT na AST, ini hupimwa malondialdehaidi na glutathioni. Kundi moja hupewa silimarini, yaani mchanganyiko mzima wa mbigili ambamo silibinini ndiyo sehemu kubwa, kwa miligramu 100 kwa kilo au zaidi, iwe kipimo cha kulinganishia. Dondoo likishusha ALT na malondialdehaidi, makala huandikwa: mmea huu unalinda ini kwa uwezo wake wa kuzuia uoksidishaji. Mlonge, binzari, rosela, mwarobaini, yote imepita kwenye njia hiyo, na karibu yote imefaulu.

Kufaulu kwa kila kitu kunapaswa kututia shaka. Tetrakloridi ya kaboni haiumizi ini yenyewe. Inahitaji kimeng'enya CYP2E1 kiivunje na kuigeuza kuwa radikali ya triklorometili, na radikali hiyo ndiyo inayochoma mafuta ya seli. Mmea wowote unaobana CYP2E1 utaonekana unazima moto, kumbe umeficha kiberiti. ALT itashuka, malondialdehaidi itashuka, na mmea huenda haujagusa radikali hata moja. Bawabu tena. Mtafiti makini huongeza kundi linalopewa dondoo saa kadhaa baada ya sumu, na hupima utendaji wa CYP2E1 pembeni. Makala zenye mambo hayo mawili ni chache, na matokeo yake huwa madogo.

Dozi nayo. Kubadilisha dozi ya panya mkubwa wa maabara kuwa ya binadamu kwa eneo la mwili, hugawanywa kwa 6.2. Miligramu 100 kwa kilo kwa panya ni kama 16 kwa kilo kwa mtu. Kwa mtu wa kilo 60 ni karibu miligramu 970 kila siku. Dondoo lililotolewa miligramu 400 kwa kilo ni karibu gramu 4 za dondoo, ambazo huenda ni konzi kadhaa za majani makavu. Kikombe cha chai ya mmea huo hakiko hata jirani.

Ipo hali moja ambamo kurudisha kinga ya uoksidishaji kunaokoa ini bila ubishi: parasetamoli nyingi. Huko sumu inayozaliwa, NAPQI, inamaliza glutathioni, na asetilisisteini inairudisha, ikifanya vizuri kabisa ikianza ndani ya saa 8. Dozi inajulikana, saa inajulikana, adui anajulikana. Na dawa hiyo haikutoka kwenye mmea.

Kutoka kwenye kichupa hadi kwenye kapsuli

Kapsuli ya kawaida ya mbigili ina dondoo lenye takriban miligramu 140 za silimarini, mara tatu kwa siku: 420. Silibinini ndani yake ni kama nusu hadi theluthi mbili. Inafyonzwa kidogo, na hiyo kidogo ini lenyewe linaifunga kwa asidi ya glukuroni na kuimwaga kwenye nyongo ndani ya saa chache. Silibinini iliyobaki huru kwenye damu kwa dozi za kawaida haifiki hata mikromola moja, ilhali kwenye vyombo vya maabara kazi nzuri ya kuzima radikali huonekana kwenye makumi ya mikromola. Yule mgonjwa wa kilo 70 wa dripu alipata 1,400 moja kwa moja mshipani. Anayemeza kapsuli tatu kwa kuwa "ndiyo ile dawa ya Santa Cruz" anameza kitu kingine kwa maana zote za vitendo.

Jaribio lililolipima hilo kwa haki lilichapishwa mwaka 2012. Wagonjwa 154 wa homa ya ini C ya muda mrefu, ambao interferoni, dawa ya virusi ya wakati ule, haikuwasaidia, walipewa silimarini 420 au 700 mara tatu kwa siku, au kidonge kisicho na dawa, kwa wiki 24. Dozi hizo ni mara tatu hadi tano ya ile ya dukani. ALT haikutofautiana na ya waliomeza kidonge kisicho na dawa. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia majaribio ya tiba, ya mwaka 2007 yalikusanya majaribio 18 yenye wagonjwa 1,088 wa ini la pombe au homa ya ini B au C, na hayakuona mbigili ikipunguza vifo. Kwa wanaotumia dawa za kifua kikuu, majaribio ya silimarini kuzuia madhara kwa ini yametoa majibu yanayopingana.

Angalau mbigili ni mpole: tumbo kulegea, kichefuchefu, mzio kwa wasiopatana na jamii ya alizeti. Ndugu zake kwenye rafu si hivyo. Dondoo la chai ya kijani lenye kiambata cha EGCG linapofika miligramu 800 kwa siku limehusishwa na kupanda kwa vimeng'enya vya ini. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ililitolea maelezo hayo mwaka 2018. Chai ya kikombe haina shida hiyo. Binzari ya mchuzi ni chakula cha pwani tangu enzi, lakini kapsuli za kurkumini zilizochanganywa na piperini ya pilipili manga ili zifyonzwe zaidi zimeumiza maini: mtandao wa Marekani unaofuatilia ini lililoumizwa na dawa uliripoti wagonjwa 10 wa binzari, watano wakalazwa, mmoja akafa, na saba kati ya kumi walikuwa na jeni ya kinga HLA-B*35:01. Kinachouzwa kama kinga ya ini kilikuwa ndicho ugonjwa. Chanzo hakijathibitika, ingawa jeni hiyo inaashiria kwamba kinga ya mwili inahusika. Piperini nayo imewekwa makusudi kuuziba mlango wa kutokea.

Kliniki, basi, anayekuja na chupa ya kapsuli ahojiwe kwanza anachokikimbia. Kama ni homa ya ini B, inahitaji kipimo cha virusi, na akistahili, tenofovia, dawa ya kuzuia virusi hivyo. Kapsuli haigusi virusi. Kama ni mahindi ya ukungu, tiba ni kuyatupa. Kama ni pombe, anajua mwenyewe. Kama yuko kwenye dawa za kifua kikuu, ALT ya mwanzo ipimwe kabla kapsuli yoyote haijaongezwa, la sivyo ikipanda hakuna atakayejua nani wa kulaumiwa. ALT ikifika mara 3 ya kikomo cha juu pamoja na kichefuchefu, maumivu ya upande wa kulia au macho ya njano, au mara 5 bila dalili yoyote, dawa za kifua kikuu husimamishwa na daktari, na kapsuli zote husimama siku hiyohiyo. Chupa iletwe yenyewe, ikiwa na lebo na vidonge vilivyobaki, kwa sababu jina la mbele mara nyingi ni "mbigili" na orodha ya nyuma, kwa herufi ndogo, ina chai ya kijani, binzari na pilipili manga.